Tung'oe kahawa tuweke parachichi? Kihamba cha Uru kando ya kisiwa cha kungumanga

Kila Desemba barabara ya kupanda Uru, juu ya Moshi mjini, hujaa magari yenye vumbi la safari ya Dar, na kila gari hushusha mwanaukoo mwenye wazo jipya. Mwaka juzi wazo lilikuwa sungura. Mwaka jana mdogo wangu alishuka na panga ambalo bado lina karatasi ya dukani, akalala usiku mmoja, akanywa mtori wa mama bakuli mbili, kisha akasimama katikati ya kihamba, shamba letu la ukoo linalozunguka nyumba, na kutamka: "Dada, hii mibuni ni makumbusho. Tuing'oe, tuweke parachichi ya Hass."

Sikumjibu siku ile. Si mjinga, na hesabu zake za simu zilikuwa nzuri kuzitazama. Mibuni yetu ni ile ya zamani aliyoiacha babu, mirefu, inashikwa na chulebuni, ugonjwa wa kuoza matunda, mvua zikizidi na kutu ya majani zikipungua. Tena majirani wawili wameshapanda parachichi na mmoja amepaua nyumba. Kwa hiyo swali lake ni halali, na najua si la nyumba yetu peke yake. Nimekaa nalo miezi kadhaa, nikayaweka mazao bega kwa bega, na katikati ya hesabu nikajikuta narudi mara kwa mara kwenye kisiwa cha mbali ambako swali hilihili liliulizwa na kimbunga.

Kisiwa chenyewe ni Grenada, huko Karibiani. Nchi nzima ni kilomita za mraba 344. Wilaya ya Hai ingeimeza na kubaki na nafasi. Watu wake ni laki moja na ushee. Kungumanga kwao ni kama kahawa kwetu, pengine zaidi, maana wameichora hata kwenye bendera yao. Hadi mwaka 2004 walikuwa wa pili duniani kwa kuuza kungumanga, nyuma ya Indonesia. Mkulima anaokota tunda lililopasuka, anabandua basibasi nyekundu, anapeleka kokwa kwenye ushirika, anapewa malipo ya awali, kisha anasubiri nyongeza baada ya mauzo. Ushirika wao wa kungumanga ulianza 1947; KNCU yetu, ushirika wa kahawa wa Kilimanjaro, ilikuwa imeandikishwa tangu 1933. Mzee yeyote wa Kibosho angepelekwa kule leo angejua apange foleni wapi.

Tarehe 7 Septemba 2004 kimbunga Ivan kikapita juu ya kisiwa. Nyumba karibu tisa katika kila kumi ziliharibika, na mikungumanga ikaanguka kwa kiasi kama hicho. Mkungumanga ni mti mrefu wenye mizizi ya juujuu. Upepo mkali ukiushika hauvunjiki tawi, unang'oka mzima. Mwaka uliofuata, Julai, kikaja kimbunga Emily kumalizia. Basi wakulima wakabaki na ardhi tupu na uamuzi: warudishe kungumanga, au waweke kitu kingine?

Wengi waliobaki shambani waliegemea kakao. Na ukitazama kwa nini, unaanza kuona mizani inayotufaa na sisi.

Kwanza ni kusubiri. Mkungumanga uliopandwa kwa mbegu huanza kuzaa baada ya miaka sita, saba, nane, na haufiki kilele mpaka umri wa miaka kama ishirini. Mkakao huanza kutoa baada ya miaka mitatu hadi mitano. Mzee wa miaka sitini aliyepoteza paa na shamba siku moja hawezi kuambiwa asubiri kungumanga mpaka afikishe themanini. Mkungumanga una mzaha mwingine mbaya: kuna miti dume na miti jike, na kwa macho huwezi kuitofautisha mpaka itoe maua. Unapalilia mti miaka sita, kisha unagundua ni dume, hautazaa kitu.

Niliposoma hilo nilicheka peke yangu, maana nimeshaonja. Mwaka 2019 nilinunua miche kumi na miwili ya "Hass iliyobebeshwa" kwenye kitalu kimoja cha kando ya barabara. Nikachimba mashimo, nikaweka samadi ya ng'ombe wa mama, nikamwagilia kwa ndoo kiangazi chote. Mwaka wa nne ikazaa. Miti saba ilitoa tunda dogo, ganda lenye chunusi, linaloiva na kuwa jeusi. Hass ya kweli. Mitano ilitoa parachichi refu lenye shingo, ganda laini la kijani, tamu sana kwa chai lakini mnunuzi wa nje haligusi. Nilirudi kwenye kitalu nikakuta watu wanauza matofali. Ukiwa na mche mkononi, tazama shina kiasi cha shibiri moja kutoka kwenye udongo: mche uliobebeshwa una kovu, sehemu mbili za shina zilizoungana, na mara nyingi unene na rangi vinabadilika hapo. Miche yangu mitano, nikikumbuka sasa, ilikuwa imenyooka kama mshumaa.

Kwa kusubiri tu, basi, kahawa na parachichi wanakaribiana. Mbuni mpya unatoa mavuno ya kwanza kwenye mwaka wa tatu. Hass iliyobebeshwa vizuri ni hivyohivyo, ingawa mzigo wa maana unakuja mwaka wa sita au wa saba. Mdogo wangu alihesabu mwaka wa saba na kuuita mwaka wa tatu. Vijana wa Dar wanapenda hesabu za mwaka wa saba.

Jambo la pili la mizani, na kwangu ndilo zito kuliko yote, ni hili: zao likivunjika, linarudi? Baada ya Ivan mikakao mingi nayo ililala chini, ila mkakao ukiinama au kukatika huchipua maotea kutoka kwenye shina, na mkulima akichagua oteo moja lenye nguvu anapata mti mpya juu ya mizizi ya zamani. Mkungumanga uliong'oka ni kuni.

Mbuni ni ndugu wa mkakao katika hili. Juma lile lile la Krismasi nilimchukua mdogo wangu mpaka kona ya kaskazini, kwenye mbuni ambao nilikuwa nimeukata shina miaka miwili kabla. Ulikatwa kwa msumeno kwenye usawa wa goti, kwa mshazari ili maji ya mvua yasituame juu ya kidonda. Ndani ya majuma machache ulitoa maotea zaidi ya kumi. Nikayabandua kwa mkono, nikaacha matatu yaliyokaa pande tofauti. Sasa yale matatu yalikuwa yamenipita kimo, majani ya kijani kibichi, na kwenye matawi ya chini kulikuwa na mabunye mekundu yamejipanga kama shanga. Mti una umri wa babu kwenye mizizi na miaka miwili kwenye matawi. Alilishika tawi, akalizungusha, hakusema kitu. Lile panga nalo akalishusha kidogo.

Mparachichi nao unachipua ukikatwa, sitaki kuusingizia. Lakini kama kata imepita chini ya kovu la kubebeshea, kinachochipua ni parachichi ya kienyeji ya chini, si Hass. Na mizizi yake ni ya juujuu kama ya mkungumanga, inachukia maji yaliyotuama. Sehemu ya chini ya kihamba chetu, karibu na mfongo, mfereji wetu wa maji, ina udongo unaobaki na maji majuma mazima wakati wa masika. Hapo nilipoteza mti wa Hass mmoja kati ya ile saba: majani yakawa madogo na ya njano, matawi yakakauka kuanzia juu, na nilipochimba mizizi ilikuwa nyeusi, inabanduka kama ganda la ndizi lililolowa. Ukioza mizizi, huna la kufanya. Kabla hujapanda, chimba shimo la nusu mita, mwaga ndoo mbili za maji jioni, uamke uangalie. Yakiwa bado yapo asubuhi, peleka mparachichi mahali pengine.

Halafu kuna suala la zao kuchelewa kuuzwa. Kahawa ikishamenywa, ikachachushwa, ikaoshwa na kuanikwa kwenye kichanja mpaka ikauke vizuri, inakaa ghalani miezi bila kunung'unika. Kungumanga ni hivyo, kakao iliyokaushwa ni hivyo. Ndiyo maana visiwa vilivyo mbali na wanunuzi vilipenda mazao makavu. Parachichi ina saa inayokimbia. Haiivi mtini, inaanza kuiva siku unayoichuma, na kuanzia hapo inategemea jokofu la mtu mwingine, lori la mtu mwingine, meli ya mtu mwingine. Mwishoni mwa 2023 meli zilipoanza kushambuliwa kwenye Bahari ya Shamu, nyingi ziligeuza njia na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ya Ulaya ikaongezeka kama majuma mawili. Gunia la kahawa halikujali. Kontena la parachichi lilijali sana. Tena wa-Peru wakishajaza soko la Ulaya katikati ya mwaka, bei inalala, na wewe tunda lako haliwezi kusubiri Oktoba.

Nakiri upande mwingine: parachichi inapokwenda vizuri, inakwenda vizuri kweli. Mnunuzi anakuja na kreti zake, watu wake wanachuma kwa mkasi, anapima, analipa. Hakuna kuamka saa kumi usiku kumenya. Kahawa inachumwa kwa mkono, bunye moja moja, na mti haukuivishii yote siku moja. Kuanzia katikati ya mwaka mpaka karibu na Krismasi unarudi kwenye mti uleule tena na tena. Ukishachuma lazima umenye siku hiyohiyo. Na kilo tano au sita za mabunye zinakupa kilo moja tu ya kahawa safi. Mama yangu ana miaka sabini na mbili. Magoti yake yanapiga kura ya parachichi.

Ila mnunuzi naye ana macho. Mwaka jana kati ya kreti nne nilizomwandalia alichukua mbili na nusu. Zilizobaki zilikuwa na mikwaruzo ya matawi, au ndogo, au zimeungua na jua upande mmoja. Hizo nilizipeleka Mbuyuni sokoni, nikashindana na kina mama wenye beseni za parachichi za kienyeji kubwa mara mbili. Unaweza kukisia nani alimaliza kwanza.

Nafasi ya ardhi ni hesabu fupi. Mibuni ya zamani ilipandwa futi tisa kwa tisa, mia tano na arobaini hivi kwa ekari. Miparachichi kwa mita saba kwa saba ni kama themanini. Kihamba chetu ni robo tatu ya ekari, toa nyumba, zizi, makaburi ya babu na bibi, na masale, mimea ya mpakani. Hainifikishi miparachichi arobaini, na hapo sina tena ndizi wala majani ya ng'ombe. Kivuli cha mparachichi mkubwa ni kizito. Chini yake hakioti kitu cha kula. Mbuni unakubali kukaa chini ya mgomba, mgomba chini ya mti wa mruka, na magimbi chini ya wote. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, waliuingiza mfumo huu wa kihamba, kwa mfano wa Shimbwe Juu hapa hapa Uru, katika orodha yao ya urithi wa kilimo duniani. Mdogo wangu alipousikia huo utambulisho aliuliza kama una posho. Hauna.

Sasa bei, maana najua ndiyo uliyokuja kuitafuta. Huko visiwani na huku mlimani tumepitia kimbunga cha aina moja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Grenada na Indonesia walikubaliana kushika bei ya kungumanga pamoja. Makubaliano yakavunjika miaka michache tu baadaye na bei ikaporomoka. Julai 1989 mgawo wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa nao ukaanguka, na kufikia 2001 arabika, kahawa yetu ya mlimani, kwenye soko la New York ilikuwa chini ya senti 50 za dola kwa ratili. Ivan yetu ilikuwa hiyo, haikuwa na upepo. Ndiyo miaka ambayo watu waling'oa mibuni wakaweka mahindi na nyanya, au wakaiacha mibuni ifunikwe na magugu. Februari 2025 arabika ileile ilivuka dola 4 kwa ratili, bei ambayo ilikuwa haijawahi kuonekana. Waliong'oa walikuwa wanaisikia redioni.

Kakao ikafanya kiroja chake: Machi 2024 ilipita dola 10,000 kwa tani, Desemba ikapita 12,000, kisha 2025 ikashuka vibaya. Mkulima wa Grenada aliyepanda mkakao mwaka 2024 kwa sababu ya bei ya 2024 atauza kwa bei ya 2028, ambayo haimjui. Parachichi vilevile. Tulipofunguliwa soko la China mwaka 2022, kila mwenye ekari Njombe na Siha alisikia habari hiyohiyo siku hiyohiyo, na miche yao yote itazaa pamoja na yako.

Grenada waliona jambo moja ambalo sisi tunalo mlangoni. Mwaka 1999, kabla ya Ivan, ilianzishwa kule kampuni ndogo ya kutengeneza chokoleti palepale kisiwani kutoka kakao ya palepale. Kakao yao ni ya ladha bora, kwa hiyo hata punje ghafi hulipwa zaidi ya ile ya kawaida, na chokoleti ikabakiza sehemu ya faida nyumbani. Huku kwetu, panda kijiji cha Materuni siku yoyote ya kiangazi: wageni wanamenya kahawa, wanakaanga kwenye chungu, wanatwanga kwenye kinu huku wenyeji wakiwaimbia, kisha wanalipa na kununua robo kilo ya kubeba. Sijaona bado mzungu akilipa kutazama parachichi ikichumwa.

Kuhusu ndizi nitasema kidogo. Baada ya kimbunga kingine, Janet cha 1955, Wagrenada wengi walikimbilia ndizi kwa sababu inalipa upesi, na visiwa vya jirani vikafanya hivyo kwa kiwango kikubwa wakiiuzia Uingereza kwa upendeleo. Shirika la Biashara Duniani lilipoukataa upendeleo huo mwaka 1997, miaka iliyofuata mashamba mengi yalibaki bila mnunuzi. Ndizi ya Moshi haina tatizo hilo. Mnunuzi wa mshare na ndizi ng'ombe yupo soko la Kwa Sadala na lori lake linakwenda Dar. Kama una shida ya fedha ndani ya mwaka mmoja na nusu, panda mgomba, usisome zaidi. Chukua tu machipukizi kwa mtu ambaye migomba yake haina mnyauko.

Na kuna chaguo la nne ambalo hakuna anayelitaja mbele ya wazazi: kukata viwanja. Tazama Arusha, kuanzia Tengeru mpaka Usa River na upande wa Burka, uhesabu mageti mahali palipokuwa na kahawa. Grenada nako ardhi ya mazao ya kudumu ilipungua, kutoka karibu asilimia 29 ya nchi mwanzoni mwa miaka ya 2000 hadi kama asilimia 20 baadaye, na si yote iliyogeuka nyumba. Nyingine ilirudi kuwa pori, kwa sababu wenyewe walizeeka na watoto walikuwa mbali. Kimbunga Beryl kilipopiga kisiwa chao kidogo cha Carriacou na kaskazini mwa kisiwa kikubwa Julai 2024, kilikuta mashamba ambayo tangu Ivan hayakuwa na mtu.

Kwa hiyo nani apande nini? Kama una ekari mbili au zaidi, udongo unaopitisha maji, maji ya kiangazi, mtu wa kulala shambani, na mkataba wa mnunuzi mkononi kabla ya mche, weka parachichi na usiwe na wasiwasi. Miche ifuate TARI Tengeru, kituo cha utafiti wa kilimo, au kitalu ambacho unaweza kuonyeshwa mti mama. Kama kihamba chako ni kidogo kama chetu na mibuni ni mizee, usiing'oe. Kata mashina theluthi moja mwaka huu, theluthi nyingine mwaka kesho, na mapengo uyajaze kwa miche chotara ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa ya Lyamungu, inayohimili chulebuni na kutu; hapo unapunguza dawa, na dawa ndiyo iliyokuwa inakula kahawa yetu. Parachichi iwe ya mpakani, juu, mbali na mfongo. Na kama hakuna atakayekaa, wote mko Dar na mama amebaki na msichana wa kazi, msipande chochote kipya. Mlipeni kijana wa jirani apalilie kilichopo.

Sisi tumefika hapa: mdogo wangu amekubali kutuma fedha za msumeno na za kijana wa kuchuma, mimi nimekubali miparachichi sita zaidi upande wa juu. Mibuni ya kukatwa nimeifunga utepe mwekundu, thelathini na mmoja. Mama amefungua tepe mbili usiku na kuzihamishia kwenye miti mingine. Anasema ile miwili aliipanda mwenyewe mwaka aliomzaa mdogo wangu. Tumeiacha.